Kalamu za Markeri Sokoni Mudaka: Juu ya Michoro ya Manga ya Kijana Mmoja

Katika vijitabu vyetu vilivyotangulia tuliandika juu ya mubande, juu ya ng'ombe za mahari, juu ya kasiksi na namna ya kuikamua, na juu ya pagne za mama zetu. Hakuna aliyetuuliza sababu. Safari hii tunataka kuandika juu ya kijana wa Mudaka ambaye anapaka rangi michoro ya manga kwa kalamu za markeri, na kabla hatujaandika hata mstari mmoja maneno yalikuwa tayari mengi.

Katika mkutano wetu mzee mmoja alisema waziwazi: "Hiyo ni mambo ya Wajapani. Batoto ba leo banaacha desturi ya bababu, na ninyi munataka kuwapigia makofi." Mwingine akaongeza kwamba yule kijana hachori, anakopiya tu na kuweka rangi juu ya kazi ya mwenzake. Tulikuwa na pesa kidogo ya kuchapa jalada moja kwa rangi, na kijana alikuwa ameleta barua kuomba jalada hilo awekewe mchoro wake. Kura ikapigwa. Alikataliwa. Sisi tunaoandika haya tulinyoosha mkono pamoja na waliokataa, na wakati huo hatukuwa tumeona karatasi yake hata moja. Barua tu tuliisoma, tena ilikuwa na makosa ya maandishi.

Jambo hilo lilitusumbua. Mtu anayejiita mchunguzi wa mila na kukataa kitu asichokiona, ni mchunguzi gani huyo? Kwa hiyo siku moja ya soko tulipanda motari tukaenda Mudaka kutazama.

Mudaka wote mnaijua. Ukitoka Bukavu kwa barabara ya Kavumu, kabla ya kufika Miti, gari linapunguza mwendo hata kama dereva hataki, kwa sababu watu na mizigo wamejaa pande zote mbili. Ni soko la Kabare yote: mihogo, maharagi, ndizi za mafungu, lengalenga, makala, mafuta ya ngazi, sambaza. Kijana wetu ana meza ndogo kando ya mtu anayechaji simu. Juu ya meza ameweka plastiki ya kuzuia mvua, chini ya plastiki michoro. Watu wanapita, wanacheka, watoto wanasimama muda mrefu kuliko wakubwa. Alitutambua mara moja. Alisimama, akatupatia kiti chake na kusema, "Karibuni wazee." Juu ya barua hakusema kitu. Sisi pia tuliogopa kuanza.

Tuseme kwanza manga ni nini, kwa wale wanaofikiri ni jina la ndizi. Ni bede za Wajapani, yaani hadithi kwa michoro. Neno lenyewe ni la zamani: mchoraji Hokusai alilitumia kwa vitabu vyake vya michoro, cha kwanza kilitoka mwaka 1814. Lakini manga tunayoiona leo ilipata umbo lake baada ya vita vikuu vya pili, na jina linalotajwa kwanza ni la Osamu Tezuka, aliyezaliwa 1928 na kufa 1989, ambaye mwaka 1952 alianza hadithi ya mtoto wa chuma mwenye nguvu za atomi. Macho makubwa yanayowashangaza wazee wetu yanatoka kwake, na yeye aliyapata kwenye filamu za michoro za Marekani. Baadaye yakaja magazeti ya kila juma, kama Shonen Jump lililoanza 1968. Ndani yake zilitoka hadithi ambazo watoto wetu wanazijua kuliko majina ya wajomba zao: Dragon Ball ya Akira Toriyama kuanzia 1984, One Piece ya Eiichiro Oda kuanzia 1997, Naruto ya Masashi Kishimoto kuanzia 1999 mpaka 2014.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui, na ndilo lilitufanya tubadilishe mawazo juu ya "kupaka tu". Manga ni kazi ya nyeusi na nyeupe. Magazeti yale yanachapwa kwenye karatasi rahisi, kurasa mamia, kila juma. Nani angelipa rangi? Rangi inabaki kwa jalada na kurasa chache za mwanzo, zile za heshima. Kwa hiyo mtu anayechukua mchoro wa manga na kuuwekea rangi anafanya kazi ambayo mwenye hadithi mwenyewe anaifanya siku za sikukuu tu. Na kalamu za markeri ndizo vyombo vya kazi hiyo hukohuko Japani. Zile zinazosifiwa zaidi, za Copic, zilianza kuuzwa 1987. Wino wake ni wa alkoli, unakauka haraka, na rangi zake zimefika 358. Kijana wa Mudaka ana 24. Si za Copic, ni za bei ya chini zinazouzwa mjini Bukavu, na tano kati ya hizo zimekwisha kukauka. Anazifufua kwa tone la alkoli ya duka la dawa. Alituonyesha: anafungua nyuma kwa meno, anadondosha, anafunga, anasimamisha kalamu kichwa chini kwa usiku mmoja. "Inaamuka," alisema, "lakini haiishi kama zamani."

Sasa kazi yenyewe. Tuliona karatasi karibu arobaini. Tutasema juu ya chache.

Za kwanza kabisa, ambazo alizifanya akiwa bado shuleni, ni mashujaa wa Kijapani aliowafuatisha kutoka kwenye simu, wenye nywele za miiba na ngumi mbele. Mistari si yake, na hasemi kwamba ni yake. Rangi ndiyo yake, na rangi hiyo, tuseme ukweli, ni mbaya. Kalamu ya alkoli ina tabia moja: ukipita mahali mara mbili, mahali pale panakuwa peusi zaidi. Mtu asiyejua anapata mistari kama ya mkeka uliofumwa vibaya. Tena wino unapenya. Alitumia karatasi za kayé, na nyuma ya kila shujaa kuna shujaa mwingine wa madoa. Tulimwuliza kwa nini hakutupa. Akasema ni "daftari ya makosa".

Halafu kuna karatasi za katikati, na hapo unaona mtu amefahamu. Anaanza na rangi nyepesi, anaacha ikauke, anapitisha ya pili, halafu ya tatu kwenye kivuli tu. Au anafanya kinyume: anaweka mbili zikiwa bado na maji, ziingiane zenyewe, kama chai na maziwa. Na muhimu kuliko yote, amejifunza kuacha. Mwanga katika kazi ya markeri haupakwi. Ni karatasi yenyewe, mahali ambapo mkono ulijizuia. Mchoraji wa mafuta akikosea anaweka nyeupe juu. Huyu hana nyeupe ya kuweka juu; akisahau kuacha, amepoteza. Ndiyo maana tunasema ni kazi ya uangalifu, kuliko vile tulivyodhani tulipokuwa tukinyoosha mikono.

Tulisikiliza pia anavyoziita rangi zake. Kwenye kalamu kuna namba tu na maneno ya Kichina. Yeye ameziandikia majina kwa biki kwenye plasta: "muhogo mukavu", "lengalenga", "ngazi", "sambaza mubichi", "udongo ya Kabare", "makala ya jana". Tulicheka, halafu tukanyamaza, maana ndivyo Kiswahili chenyewe kinavyofanya. Tazama: lugha yetu ina rangi tatu tu zenye neno la asili linalobadilika na jina, nyeupe, nyeusi na nyekundu. Zingine zote tumeziazima kwa vitu: kijani ni majani, manjano ni bizari, kijivu ni majivu, kahawia ni kahawa, na ile ya machungwa haijifichi hata. Bluu tumeichukua kwa Wazungu, na sisi wa Bukavu tunasema "ble" bila haya. Kwa hiyo kijana anayeita kalamu namba fulani "sambaza mubichi" hajaacha lugha ya bababu. Ameiendeleza pale ilipofika.

Karatasi ambayo tungependa kuisemea kwa kirefu ni ile ya soko. Zipo mbili, moja ya zamani na moja ya karibuni, na zote zinaonyesha jambo moja: mama mwenye mzigo mgongoni, kamba ya mzigo inapita kwenye paji la uso, amejikunja akipanda kutoka bondeni. Kila mtu wa Kivu anaijua sura hiyo. Wapo wanawake wanaobeba hivyo kila siku ya Mungu, mizigo ambayo mwanaume mwenye nguvu angeikataa, na tumeizoea mpaka hatuioni tena.

Katika ile ya zamani mama ana macho makubwa ya manga, pua ndogo kama nukta, na ngozi ya rangi ya pichi. Kwenye boksi la kalamu kuna moja ambayo kiwanda kiliitengeneza kwa ajili ya ngozi, na kijana aliiamini. Alipoiweka juu ya meza, mama mmoja muuza mihogo alisimama, akatazama, akauliza kwa sauti ili wote wasikie: "Ba wazungu ba Mudaka banabeba mihogo tangu lini?" Watu wakacheka nusu ya soko. Kijana alituambia habari hiyo bila kucheka.

Tunafikiri swali la mama yule ni uchambuzi bora kuliko wetu. Katika manga ya nyeusi na nyeupe, uso ni mweupe kwa sababu karatasi ni nyeupe. Si rangi ya ngozi ya mtu. Ni mahali ambapo wino haukufika, na msomaji wa kila nchi anaweza kujiweka humo. Mtoto wa Mudaka anasoma na kujiona. Lakini siku unaposhika kalamu ya rangi, uwazi ule unakwisha. Lazima uamue. Huyu mtu ni nani? Ana rangi gani? Anayepaka rangi manga hawezi kujificha nyuma ya mchoraji wa kwanza na kusema "mimi napaka tu", maana uamuzi mkubwa kuliko wote umeachwa mikononi mwake. Na kijana wetu, bila kufikiri, alikuwa ameamua kwamba mama yake mwenyewe ni wa rangi ya pichi.

Katika ile ya karibuni amefanya kazi tofauti. Kalamu ya pichi ameitoa kabisa kwenye boksi. Ngozi ya mama imeanza na rangi ya machungwa, nyepesi sana. Juu yake kahawia. Halafu, kwenye shavu lililo kivulini na chini ya kamba, ameweka zambarau. Ukisikia hivyo unaweza kukataa. Ukitazama unaona ni kweli: ngozi nyeusi kwenye jua la saa nane ina zambarau ndani yake. Kwenye mfupa wa paji la uso ameacha karatasi tupu kama ukucha wa mtoto, na hapo jasho linang'aa. Macho bado ni makubwa, ya manga, lakini hayatutazami. Yanatazama njia. Na ile kamba! Ameipaka rangi mbili tu, lakini pale inapokaza ngozi amebonyeza kalamu mpaka karatasi imenyonya na kuvimba kidogo. Ukipitisha kidole unaisikia. Sijui kama alitaka. Tulimwuliza, akainua mabega.

Kasoro zipo. Miguu ya mama haikanyagi ardhi, inaelea, kwa sababu kivuli chake kinaanguka upande usiofuata jua lililo usoni. Na nyuma yake kilima kimepakwa kwa haraka, kwa kijani kimoja tu, kana kwamba mchoraji alichoka. Kilima cha Kabare si kijani kimoja. Kina mashamba ya mihogo, migomba, mikaratusi, udongo mwekundu uliochimbwa, mabati. Mtu aliyejua kuona zambarau kwenye shavu anaweza kuona hayo.

Turudi kwa wazee wetu na maneno yao mawili.

Juu ya kukopiya. Lubumbashi, miaka ya sabini, alikuwapo Tshibumba Kanda Matulu, aliyepaka historia ya nchi yetu kwa picha 101, akimwelezea kila moja mtafiti Johannes Fabian, mwaka 1973 na 1974. Leo vitabu vinaandikwa juu yake. Lakini kabla ya hapo, na hata wakati huo, aliishi kwa kupaka picha zilezile ambazo wenzake walikuwa wakipaka: "Colonie belge" yenye askari na mjeledi, Lumumba, mamba muntu. Kila nyumba ilitaka yake, na hakuna aliyemwita mwizi. Chéri Samba, aliyezaliwa 1956 na leo picha zake ziko kwenye majumba ya sanaa Ulaya, alianzia kwenye vibao vya matangazo na bede Kinshasa. Na tukienda jirani zaidi, kwa ndugu zetu Walega wa Mwenga na Shabunda: barakoa ndogo za bwami hazikusifiwa kwa sababu ya upya. Mchongaji alifuata umbo lililokuwapo, jina lake halikutafutwa, na barakoa ilipakwa pemba nyeupe tena na tena na mikono ya wenye daraja. Maana yake ilitoka kwenye methali iliyosemwa juu yake siku ya kuionyesha. Serikali ya kikoloni ilipopiga marufuku bwami mwaka 1948, barakoa nyingi zilienda Ulaya na kuwekwa nyuma ya vioo bila methali zake. Kwa hiyo sisi, watu wa mila, ndio tungekuwa wa mwisho kusema kwamba mwenye kufuata umbo la mwingine hafanyi kazi.

Hata hao Wajapani, picha zao za rangi za zamani, zile za kuchapwa kwa mbao, zilipita mikononi mwa watu wengi: mmoja anachora, mwingine anachonga ubao, mwingine anapaka rangi na kuchapa, ubao wake kwa kila rangi. Na Tintin, ambaye tulimsoma sote kwa aibu na kicheko, safari yake ya Kongo ilitoka 1930 mpaka 1931 bila rangi. Rangi ilikuja 1946, na mengi yalibadilishwa wakati huohuo. Rangi si nguo ya mwisho ya kuvalisha mchoro. Ni kusoma upya.

Hata hivyo, mzee aliyesema kukopiya hakukosa kabisa. Kati ya karatasi arobaini, kumi na tano zina uso mmoja. Ukiondoa nywele, shujaa, msichana na adui ni ndugu wa tumbo moja. Kidevu cha ncha, pua ya nukta, mdomo wa mstari. Ameazima alfabeti na bado anaandika kwa herufi chache. Mama wa mzigo alitoka kwenye shida hiyo kwa sababu kijana alikuwa akimtazama kila siku akipita. Wengine hakuwatazama, aliwatoa kwenye simu.

Juu ya "si chetu" hatutasema mengi. Katika kijitabu chetu tulichapa kurasa sita juu ya pagne kama heshima ya mwanamke wa Bushi, na wote tulifurahi. Wax ile ni kazi ya kuiga batiki ya Java, iliyofanywa na viwanda vya Waholanzi. Nyumba ya Vlisco ilianza 1846. Muhogo ulitoka Amerika. Hata sambaza, wanaouzwa hatua kumi kutoka meza ya kijana, walitolewa ziwa Tanganyika na kutiwa ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na baadhi ya wazee wa mkutano wetu walikuwa wamekwisha kuzaliwa. Leo mgeni akija Bukavu tunampa sambaza na kusema "kula chakula chetu". Basi.

Kuna karatasi moja iliyotunyamazisha. Ina tarehe ya Februari 2025, mwezi ambao vita vilipita Kavumu na kufika Bukavu, na Mudaka iko katikati ya njia hiyo. Hakuna askari kwenye mchoro, hakuna bunduki. Ni meza za soko, tupu, mpaka mwisho wa karatasi, kwa mistari ya biki na rangi moja ya kijivu. "Makala ya jana." Kitu kimoja tu kina rangi nyingine: kandambili moja nyekundu chini ya meza. Hatukuuliza ni ya nani. Manga wana tabia hiyo ya kukaa kimya ukurasa mzima, kuonyesha mahali tu, bila mtu na bila neno. Ni katika mambo mazuri waliyo nayo, na kijana ameielewa vizuri kuliko ngumi na nywele za miiba.

Sasa Mwindo, maana huku ndiko tulikogombana naye.

Wasomaji wetu wa Walikale hawahitaji kuambiwa. Kwa wengine: Mwindo ni shujaa wa Wanyanga. Utenzi wake uliimbwa na mzee Candi Rureke mwaka 1956, ukaandikwa, ukatoka kitabu mwaka 1969 kwa kazi ya Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Baba yake, Shemwindo, hakutaka mtoto wa kiume. Mwindo alizaliwa akitembea na kusema. Baba alijaribu kumuua, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Ngoma ikaenda mpaka kwa shangazi yake Iyangura. Akarudi, baba akakimbilia kuzimu, mtoto akamfuata mpaka huko, akamrudisha na kugawana naye ufalme. Kijana alisoma muhtasari wa hadithi hii shuleni na akaona jambo ambalo sisi tulioijua miaka yote hatukuliona: kwamba ni manga. Mtoto aliyekataliwa, mwenye majivuno, anayepitia mtihani baada ya mtihani, anayekufa na kufufuka. "Wazee," alituambia, "Naruto iko mudogo yake Mwindo."

Amefanya karatasi sita, na safari hii mistari yote ni yake. Ile ya ngoma mtoni ni nzuri sana: maji ameyapaka kwa ble tatu, na ngoma haionekani yote, unaona ngozi yake tu juu ya maji, na mwanga unatoka ndani kwa manjano hafifu, kama taa ndani ya nyumba ya majani. Ile ya Nkuba, bwana wa radi, ni bora zaidi. Karatasi nzima imepakwa giza, tabaka nne au tano, kalamu mbili zilikufa kwa kazi hiyo. Radi yenyewe haikupakwa. Ni karatasi iliyoachwa, ufa mmoja mweupe kutoka juu mpaka chini. Fikirini mkono uliozunguka ule ufa tabaka tano bila kuugusa.

Lakini Mwindo anashika upanga. Upanga mrefu wa Kijapani, na kamba nyekundu kwenye mpini. Tulimwambia hapana. Mwindo ana conga, mpini wa mkia wa kufukuzia inzi, kitu cha mfalme. Kwa conga anapiga na kuua, na kwa conga hiyohiyo anawafufua aliowaua. Upanga hauwezi kufufua mtu. Ukiutia mkononi mwake umeondoa nusu ya hadithi, na nusu inayobaki ni ya ugomvi tu, nasi ugomvi tumeshiba. Tena mwisho wa utenzi, Mwindo anapoua joka lililokuwa rafiki ya Nkuba, anapandishwa mbinguni mwaka mzima, anateswa na baridi, jua na mvua, mpaka anaacha majivuno na kuahidi kutoua tena. Mwenye upanga angefundishwaje hayo?

Kijana alitusikiliza mpaka mwisho, maana ana adabu. Halafu akasema: "Papa, batoto benye kununua, shujaa bila upanga banasema hana nguvu." Tukamjibu kwamba kazi ya mchoraji ni kuwaonyesha nguvu ya mkia wa inzi, na kama zambarau iliweza kuingia kwenye shavu la mama, hilo pia linawezekana. Hakukubali. Tuliondoka bila kupatana, na barua ya jalada bado haijazungumzwa na mtu.

Katika mkutano uliofuata tuliomba kura irudiwe, tukaeleza tuliyoyaona. Wazee walikubali kwa shida, sharti moja: mchoro uwe wa Mwindo na usiwe na upanga. Tulimpelekea habari kwa motari. Juma mbili baadaye karatasi ilifika, imekunjwa katikati, tulisikitika kwa ule mkunjo. Ni Mwindo amesimama juu ya ngoma, ngozi ya machungwa, kahawia na zambarau, macho makubwa. Mkononi ana conga. Mpini umepakwa vizuri, hata nyuzi za mti zinaonekana. Manyoya ya mkia ni mistari ya biki tu, hayana rangi. Nyuma ya karatasi ameandika kwamba markeri nyeusi ilikwisha kwenye nywele za shujaa, na kama chama kitaweza kumnunulia moja atakuja kumalizia mbele yetu.